Sponji ya Ijumaa

Tangu Jumatatu Shakuru, fundi wa rejeta za magari, hakutulia. Akiinama kulehemu rejeta, mara kainuka. Akiagiza chai, inapoa hajaigusa. Kila nusu saa anafuta mikono kwa tambara, anavuka ua, anaingia chumba cha binti yake kumtazama mnyama. Mnyama naye anamtazama, na lile domo lake la kuchekacheka, kama kwamba hakuna lililotokea. Lakini lilikuwa limetokea. Minyoo ya jana ilikuwa ingali chini ya tangi la kioo, haujaliwa hata mmoja.

Hebu tuelewane kwanza kuhusu mnyama huyu, maana hata jirani za Shakuru pale Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, iliwachukua miezi kumwelewa. Anaitwa aksolotli. Si samaki, ingawa haishi nje ya maji. Si mjusi, ingawa ana miguu minne na mkia. Ni mrefu kupita kiganja kidogo, mweupe wa kuelekea pinki, na pembeni mwa kichwa ana matamvua sita mekundu yenye nyuzinyuzi, ndiyo anayopumulia. Assia, binti pekee wa Shakuru, alikuwa anasoma biolojia chuo kikuu, na likizo zote alikuwa akienda kumsaidia kupima maji Mzee Obeid wa mtaa wa Asiatique, yule anayesafirisha samaki wa ziwa kwenda Ulaya. Mzee akampa mnyama huyo kama shukrani. Assia akamwita Cheko. Mafundi wa garaji wakaja kumwona mmoja mmoja, na Djibril wa breki, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akauliza kama analiwa.

Wote walicheka, isipokuwa Assia na baba yake. Shakuru aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta spana.

Miaka kumi na tatu nyuma, Assia akiwa na miaka tisa, alimlea kondoo mmoja kwa chupa. Alimwita Pamba. Ikafika Idi ya kuchinja, mwaka wenyewe ulikuwa wa shida, Shakuru akamtazama kondoo, akaitazama familia, akaamua. Kuchinja si kosa, watu wanachinja. Kosa ni lile alilolisema baadaye. Mtoto aliporudi kutoka kusalimia jirani akamwambia Pamba amekata kamba, amekimbilia upande wa mto Ntahangwa. Mtoto akashinda Idi nzima mtoni, na gauni jipya, anaita jina la kondoo. Jioni akarudi na njaa, akala pilau. Siku ya tatu akaikuta ngozi nyuma ya garaji, imepakwa chumvi, inakauka. Hakulia. Ila tangu siku hiyo hakumwachia baba yake kitu chochote chenye roho, hata kifaranga. Mama yake alipofariki wakabaki wawili nyumbani, wanaheshimiana, wanapikiana, na hawaligusi neno hilo.

Sasa chuo kikamtuma Assia mji wa Gitega, staji ya wiki nne, kujifunza kazi. Cheko hawezi kupandishwa basi na kupelekwa chumba cha kupanga ambacho hakijulikani kama kina maji. Ilimchukua Assia siku mbili kuamua. Siku ya tatu akamwita baba yake chumbani, akamwonyesha tangi, akamwachia karatasi ya maelekezo ukutani. Shakuru alifurahi mpaka akaona haya. Akasema tu kwamba maji ni kazi yake.

Na kweli maji ni kazi yake. Miaka thelathini anatibu rejeta za magari ya watu, anajua maji yanavyochemka, yanavyotia kutu, yanavyojificha kwenye ufa. Karatasi ilisema maji ya tangi yasizidi digrii ishirini, maana mnyama huyu kwao ni baridi na joto la Bujumbura linampika mzimamzima. Assia alikuwa anahangaika na chupa za barafu. Shakuru akachukua feni ya gari bovu aina ya Starlet, akaifunga kwenye betri, akaielekeza juu ya maji. Feni na chupa mbili za barafu, kipimo kikashuka mpaka kumi na nane. Alijisifu wiki nzima. Mengine ya karatasi aliyafuata kama amri: maji ya bomba yalale ndooni siku nzima, wazi, dawa yake itoke, Jumamosi abadilishe sehemu moja ya tano tu, si zaidi, kinyesi akinyonye kwa bomba la sindano. Kulikuwa pia na kichupa cha matone ya kupimia amonia, ile sumu inayotoka kwenye mkojo na mavi ya mnyama mwenyewe. Maji yakiwa ya njano, salama. Yakielekea kijani, mpigie simu. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: FILTA USIIGUSE.

Hilo la mwisho ndilo halikumwingia. Usiiguse kwa nini? Assia hakueleza, alikuwa na haraka ya basi.

Filta ilikuwa sponji nene ndani ya boksi, maji yanapita humo na kurudi. Wiki ya pili ikaanza kuziba. Maji yaliyokuwa yakimwagika vizuri yakawa yanachururika kama mkojo wa mzee mgonjwa. Wewe mwambie fundi wa rejeta avumilie kitu kilichoziba! Alivumilia Jumatano. Alivumilia Alhamisi, anapita, anaguna. Ijumaa hakuweza. Na Ijumaa kwa Shakuru ndiyo siku ya kusafisha kila kitu: anakata kucha, anaoga, anavaa kanzu iliyopigwa pasi, hata sakafu ya garaji inasuguliwa kabla ya adhana, hakuna oili inayolala hapo mpaka Jumamosi. Akafungua boksi, akaitoa sponji. Ilikuwa rangi ya udongo, telezi, ina harufu ya kinamasi. Akaona aibu kwamba kitu kama hicho kimekaa nyumbani kwake.

Akaiosha kama anavyoosha rejeta, maana rejeta inaoshwa mpaka maji yatoke meupe, ukiacha nusu hujafanya kazi. Sabuni ya unga, kisha javeli kidogo, ile dawa ya kung'arishia nguo, kisha maji, maji, maji. Sponji ikarudi buluu kama ilivyotoka dukani. Harufu yote ya javeli aliitoa, hilo alihakikisha. Alipoirudisha, maji yakabubujika vizuri kuliko siku ya kwanza. Akaenda kuswali moyo mweupe.

Jumatatu ndipo Cheko akakataa minyoo.

Mwanzoni Shakuru alikasirika naye. Alimwambia pale pale, kwa sauti, kwamba minyoo hiyo ameichimba mwenyewe kwenye bustani ya watu, tena kwa adabu, na mgeni hachagui. Kisha hasira ikageuka woga. Jumanne matamvua yalikuwa yamekunjika kwenda mbele, na ncha ya mkia imejipinda kama ndoana. Akatazama maji. Maji safi! Unaona changarawe moja moja. Akafanya kama alivyofundishwa na maalim wake akiwa mdogo, kwamba maji ni safi maadamu hayajabadilika rangi, wala harufu, wala ladha. Rangi, hakuna. Akainama akanusa, hakuna. Akachovya kidole akakilamba, fundi mzima wa miaka hamsini na nne, akilamba maji ya mnyama wa mtoto. Hakuna. Kwa hiyo maji hayana neno, alijiambia, ni joto. Akaongeza barafu. Halafu akaipunguza, akihofia baridi. Akaigeuza feni. Akaenda garaji, akarudi. Mteja mmoja aliyekuja na gari, Carina inayochemka, alimsubiri mpaka akachoka, akaondoka.

Jumatano saa tatu asubuhi akakishika kichupa cha matone, ambacho kwa kweli alikuwa amekidharau tangu Ijumaa. Nani anapima maji yaliyo safi hivyo? Akajaza maji kwenye kineli, kile kibomba kidogo cha kioo, akatia matone, akasubiri dakika tano zilizoandikwa, anatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani. Alipokiinua kwenye mwanga kilikuwa kijani, kijani cha jani la mgomba. Akakaa kwenye kitanda cha binti yake.

Karatasi ilisema mpigie simu. Simu ilikuwa mfukoni. Akaitoa, akaitazama, akairudisha. Jumamosi Assia anakuja mara moja kumtazama Cheko, siku tatu tu zimebaki, na katika siku tatu mtu anaweza kurekebisha mengi. Akapima mara ya pili, labda alikosea kuhesabu. Hakukosea. Akajaza maji ya tangi kwenye chupa, akavaa viatu, akaelekea Asiatique kwa miguu, anakwenda kama anafukuzwa, hasikii salamu za watu.

Alimkuta Mzee Obeid uani, nyuma ya duka la zamani la vitambaa la familia yake, kwenye mabeseni ya saruji yenye samaki wa kila rangi. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, asiye na haraka hata kidogo, na utulivu wake ulimkera Shakuru kupita kiasi. Mzee akapokea chupa, akaiweka kando bila kuipima, akauliza jambo moja tu: filta imefanyiwa nini? Shakuru akaeleza. Alianza kwa kujitetea, kwamba ilikuwa chafu, kwamba haikupitisha maji. Kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyopungua. Kisha akataja rangi, harufu na ladha, kwamba vyote havikubadilika, na hilo hakuna anayeweza kumpinga.

"Hukumu ile ni ya udhu, fundi," alisema Mzee Obeid. "Na iko sawa. Lakini huyu hatawadhi na maji. Anayapumua. Anayanywa na ngozi."

Akamvuta kwenye beseni moja, akainua sponji kutoka ndani yake. Ilikuwa nyeusi, inadondoka ute. Akamweleza taratibu kwamba ule uchafu si uchafu. Ni vijidudu wasioonekana kwa macho, wamejenga humo kwa wiki nyingi, na kazi yao ni kula ile amonia na kuigeuza kitu kisichoua haraka. Mnyama anakojoa, wao wanasafisha, usiku na mchana. Shakuru aliwaua wote Ijumaa kabla ya swala, kwa sabuni na javeli, na tangu hapo Cheko anapumua mkojo wake mwenyewe. Maji yanang'aa tu. Shakuru alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa beseni. Alijisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia tangu msiba wa mkewe.

Dawa ipo, mzee akasema, ila haina ahadi. Amtoe Cheko, amweke beseni la maji yaliyolala, ya baridi, ayabadilishe yote kila siku. Tangi liachwe lifanye kazi na sponji hii nyeusi ndani yake, mpaka matone yarudi njano. Anaweza kupona. Anaweza pia asipone, matamvua yakishaungua sana.

Halafu, kwa wema tu, bila ubaya wowote, Mzee Obeid akamwonyesha beseni la pembeni. Ndani yake kulikuwa na aksolotli mwingine. Mweupe wa kuelekea pinki. Ukubwa ule ule. Domo lile lile la kuchekacheka.

"Mama yao mumoja," mzee alisema. "Kama unaogopa kumuumiza mutoto, chukua huyu. Hata mi sijui kama ningetambua."

Shakuru alimtazama yule mnyama muda mrefu. Alikuwa mzima kabisa, matamvua yamechanua. Akaona jinsi itakavyokuwa: Assia anaingia Jumamosi, anainama kwenye kioo, anafurahi, anamgeukia baba yake na kumshukuru. Miaka kumi na tatu ingefutika kwa mfuko mmoja wa plastiki. Mzee akauleta mfuko, akamtia mnyama, akaufunga kwa mpira, akampa. Shakuru akaupokea. Ulikuwa mwepesi.

Akatoka nao mpaka mlango wa duka. Akasimama. Akarudi uani. Akatoka tena. Watu wa dukani wakaanza kumtazama. Mkononi mwake mnyama aligeuka polepole ndani ya maji, akamtazama, na Shakuru akakumbuka ladha ya lile pilau. Yeye naye alilila siku ile. Alilila akiwa amekaa mkabala na mtoto, anamwongezea nyama.

Akaurudisha mfuko kwa mzee, akatoa simu akiwa amesimama katikati ya mabeseni, akapiga kabla hajajipa nafasi ya kufikiri.

"Papa? Kuko nini?"

"Assia, mama, mi nimeharibu." Alikuwa anahema. "Niliosha sponji ya filta. Ijumaa. Na sabuni, na javeli. Cheko iko mugonjwa sana, inaweza kufa. Niko huku kwa Mzee Obeid. Iko na ingine inafanana, nilishaishika mukononi. Nilitaka nikufiche."

Alisikia pikipiki ikipita Gitega, akasikia na pumzi ya binti yake.

"Pamba uliniambia alikimbia," Assia alisema.

"Ndiyo."

"Nilimutafuta siku muzima ku Ntahangwa."

"Najua, mama. Nilikuja nyuma yako. Nilisimama ku daraja, nikakuona unaita. Nikarudi nyumbani sikusema kitu."

Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mkewe. Lilitoka tu. Assia alipojibu, sauti yake ilikuwa kavu. Alisema achukue ile sponji chafu, isikauke njiani, isipigwe jua, aende nyumbani sasa hivi. Akakata.

Basi watu wa Buyenzi mchana ule walimwona Shakuru, mtu anayefagia hata mchanga wa mbele ya mlango wa jirani, anapita na ndoo ameikumbatia kwa mikono miwili, ameifunika kwa kofia yake mwenyewe, anakwenda hatua fupi fupi ili isimwagike. Djibril akachungulia ndani ya ndoo na kutaka kujua kama uchafu wa hapa umekwisha mpaka waagize wa Asiatique. Shakuru akapita. Alikuwa na kazi.

Siku zile tatu hakuwa mtu wa kukaa karibu naye. Alimhamishia Cheko kwenye beseni jeupe jikoni, akafunga feni hapo, akapanga ndoo za maji yaliyolala kuanzia mlangoni mpaka chooni, mtu akipita anaruka. Kila asubuhi anamwaga yote, anatia mapya, anapima. Kila kipimo alikiandika kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha Assia, jinsi anavyoandika hesabu za maboliti garajini. Alhamisi, tangi kijani, beseni njano. Ijumaa, tangi kijani hafifu. Ijumaa hiyo Cheko alilala ubavu karibu saa nzima, na Shakuru alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji akimsihi, bila kujali nani anasikia. Alichelewa msikitini, akaswali safu ya mwisho, na kanzu ina madoa magotini.

Jumamosi kabla ya adhuhuri Assia akaingia na begi mgongoni na glasiyeri mkononi, ile ya buluu ya kubebea vinywaji vya baridi. Shakuru aliiona glasiyeri kwanza, kabla ya uso wake. Akaelewa. Akamchukulia begi, glasiyeri hakuigusa.

Assia alisalimia, akaenda moja kwa moja jikoni, akachuchumaa. Tamvua moja la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa, limebaki kisiki. Mengine yalikuwa bado yamepauka, lakini yamenyooka. Akachukua mnyoo kwa vidole akaupitisha mbele ya domo. Cheko hakuugusa. Akaupitisha tena. Shakuru alikuwa nyuma yake, anasimama, anakaa, anasimama.

"Papa, kaa," Assia alisema bila kugeuka.

Akakaa. Mara ya tatu Cheko akadaka, kwa ghafla ile ya wanyama hawa, na mnyoo ukapotea. Shakuru alifunika uso kwa mikono miwili akalia, na Assia akamwacha alie, akaenda kupima maji ya tangi.

Ndipo alipousoma mlango. Alisimama hapo na kineli mkononi kwa muda mrefu zaidi ya dakika tano zinazotakiwa. Mstari wa kwanza kabisa, juu ya vipimo vyote, baba yake alikuwa ameandika kwa ule mwandiko wake wa kulala: Ijumaa, niliosha sponji, mimi Shakuru. Assia akakiinua kineli kwenye mwanga. Kilikuwa njano, chini kabisa na kijani kidogo sana.

Tamvua linaota tena, alimwambia baba yake walipokaa kula. Wanyama hawa wako hivyo, hata mguu ukikatika unaota. Inachukua wiki nyingi tu. Kisha akasema, kwa uwazi, kwamba glasiyeri aliileta ili amchukue Cheko. Kule Gitega amepata rafiki mwenye nyumba yenye maji na nafasi. Shakuru akatikisa kichwa kukubali. Alisema ni haki yake, na hakubishana.

Jumapili mchana Assia alifunga begi. Cheko alikuwa bado kwenye beseni, anatembea chini kwa vile vidole vyake. Sponji nyeusi ilikuwa kwenye boksi lake, maji yanapita polepole.

"Hii ikiziba tena utafanya nini?" aliuliza.

"Nitachota maji ya tangi lake mwenyewe, nitaikamua mara mbili humo, basi. Hakuna sabuni. Hakuna bomba."

"Na ikiwa Ijumaa?"

"Ijumaa nitaoga mimi."

Assia alimtazama, akacheka, kicheko kifupi ambacho Shakuru hakuwa amekisikia akielekezewa yeye kwa miaka mingi. Akaiweka glasiyeri tupu juu ya kabati la jikoni, akarudia kumkumbusha kuhusu maji ya kulala, akabeba begi lake akaenda kuwahi basi la Gitega.